Vifungo vya Mgongoni

Inspekta alisita mlangoni mwa stoo kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama ndani.

Ilimchukua pumzi mbili kuona kwamba hakuwa mtu. Lilikuwa ni lile vazi, limevishwa kwenye msalaba wa mbao, kofia juu, mabega yamepanuka, kifua kimetokeza kuelekea mlangoni kama mwenye nyumba anayetaka kuuliza mgeni ametumwa na nani. Mwenye vazi alikuwa mochari tangu Jumatatu. Hii ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na stoo bado ilinuka gundi ya viatu.

Koplo, aliyemfuata nyuma na kamera shingoni, alilitazama vazi macho kwa macho akarudi hatua moja.

"Salaale! Afande, hili si vazi. Huu ni mzuka."

"Mizuka haikati sponji. Ingia, na usikanyage kitu."

Maana sponji ndiyo iliyolijenga lile vazi, juu hadi chini. Marehemu alikuwa fundi wa viti vya magari, na mtaa ulikuwa umesahau jina lake zamani, ukimwita Sponji tu. Mabaki ya sponji ngumu aliyakusanya gereji, akayaleta hapa kwenye stoo ya uani, nyuma ya nyumba ya mama yake. Hapa aliyakata kwa wembe, akayakunja kwa joto la pasi, akayagandisha, akayapaka gundi nyeupe ili yasinywe rangi, kisha akayapulizia rangi ya bluu nzito tabaka juu ya tabaka. Ukiwa mbali ungeapa ni chuma. Ukilibonyeza kwa kidole, linabonyea. Pembeni mwa kila mguu, upande wa nje, alichora radi ya manjano, na watoto wa wodi ya hospitali wakampa jina la Mjomba Radi.

Karatasi za vipimo zilikuwa zimebandikwa ukutani. Kutoka kwenye boriti ya dari lilining'inia ganda la mtu, kifua na tumbo na mabega, lisilo na kichwa, lililotengenezwa kwa plastiki na utepe wa gundi.

"Na hilo?" Koplo aliuliza, sauti imepungua.

"Ni yeye. Wanaotengeneza haya mavazi hujizungushia plastiki, halafu utepe, wakabanwa mpaka wakawa na umbo lao lenyewe juu yao. Kisha mtu mwingine anawakata kwa mkasi mgongoni, wanatoka. Wanabaki na kipimo cha mwili ambacho fundi cherehani hawezi kuwapa."

Upepo wa mlangoni uliligusa lile ganda likazunguka taratibu, tumbo likawatazama, mgongo ukawatazama. Koplo akajikuta ana kazi ya haraka sana ya kufuta lenzi ya kamera.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshapata mtuhumiwa, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta usingizi. Sponji alikutwa ndani ya basi dogo lililoletwa gereji kwake kubadilishiwa viti, amefunikwa marobota ya sponji, kisogo kimepasuka. Mwenye basi alikuwa amekwenda gereji Jumamosi jioni, akalikuta geti limefungwa, akatukana mpaka wapita njia wakasimama, akaapa kwamba atamtoa roho fundi huyo. Jumatatu asubuhi mwenyewe ndiye aliyevunja kufuli na kuukuta mwili. Mkuu wa kituo alisema hapo hakuna cha kupeleleza. Kesho asubuhi mwenye basi alikuwa anapelekwa mahakamani.

Lakini daktari alikuwa ameropoka neno moja. "Mwili ulivyo, mimi ningesema Alhamisi. Ila gari lililofungwa vioo juani ni tanuri, linaharakisha kila kitu. Na kama mna watu mia waliomuona Jumamosi asubuhi akitembea, mimi ni nani nibishane nao?"

Watu mia walikuwepo kweli. Walimuona akitoka hapa saa tatu, akitembea hadi hospitali, watoto wamemfuata, akarudi kabla ya saa sita. Inspekta alikuwa ameongea na ishirini kati yao. Wote walikuwa wameliona vazi. Hakuna hata mmoja aliyeuona uso.

Alipanga picha tano mezani, kati ya chupa za rangi. Muuguzi wa wodi alizipiga kwa simu yake, kila Jumamosi moja.

"Koplo, zitazame hizi nne, halafu hii ya mwisho. Niambie kilichokosewa."

Koplo aliinama. "Ya mwisho hana glavu."

"Sawa. Kingine?"

"Kingine... amesimama vizuri, ana kofia, ana mabega..." Alisogeza picha karibu. "Radi zimeingia ndani. Hizi nyingine ziko pembeni, nje ya miguu. Hapa zinatazamana."

"Amevaa cha mguu wa kulia kushoto. Mtu aliyekaa miezi mitano akivichonga vipande hivyo, anavijua kama unavyojua viatu vyako. Atakoseaje?"

"Haraka?"

"Basi fanya haraka. Chukua kofia uvae, halafu uvae vya miguu."

Koplo alilalamika kidogo kwamba cheo chake hakimtaki kuvaa vya maiti, akavaa. Alipoiingiza kofia kichwani, waya ukagusana na betri, na feni ndogo ndani ya kofia ikaanza kuvuma. Mtengenezaji aliiweka ili kioo cha macho kisipate mvuke. Kwa mtu aliyesimama nje ilisikika kama pumzi ya mgonjwa. Koplo alipiga magoti, akapapasa sakafuni, akavivaa vile vipande, akasimama.

Radi zilikuwa zinatazamana.

"Sikuona kitu, afande," ilisema sauti ndani ya kofia. "Ukishavaa hii, huna miguu."

"Ndivyo. Kwa hiyo anayejua kazi huivaa mwisho. Aliyevaa Jumamosi aliivaa kwanza. Kwa nini? Yuko peke yake, mlango umefungwa, dirisha halipo. Anamficha nani uso wake?"

Mlango ulisukumwa bila kubishwa. Mama wa marehemu aliingia na sinia la chai, vikombe viwili, akanyanyua macho, akaona kofia ya mwanawe juu ya shingo ya mtu hai anayepumua.

Vikombe vililia kwenye sinia. Havikuanguka. Mama aliliweka sinia juu ya mashine ya cherehani, akajishika ukingo wa meza, kisha akasema, kwa upole uliomtia Koplo aibu kuliko kofi, "Ivue hiyo, baba. Mwenyewe huivaa mwisho."

Koplo aliivua kama inayochoma.

"Utusamehe, mama," Inspekta alisema. "Unaingia bila kubisha?"

"Kwa mwanangu nibishe hodi? Namletea chai, naingia. Ndivyo tulivyozoea."

Alikuwa mama mnene wa umri wa miaka sitini na kitu, khanga kiunoni, macho mekundu lakini makavu. Alikuwa na watoto wawili tu duniani. Mkubwa alikuwa dereva wa lori, na chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ua. Mdogo alikuwa huyu. Sasa mkubwa ndiye aliyebaki wa kumzika, na Inspekta alilijua hilo kila alipofungua mdomo kuuliza.

"Vazi hili linafungwa mgongoni, mama. Vifungo sita. Mtu hawezi kuvifikia."

"Hawezi. Namfunga mimi. Anakuja pale mlango wa jikoni, ananigeuzia mgongo, namfunga. Akirudi, namvua."

"Na Jumamosi?"

"Alikuja, nikamfunga."

"Alisema nini?"

"Akiwa ndani ya hilo hasemi. Feni inavuma, hasikiki."

Inspekta aliushika mkanda mmoja wa mgongo wa vazi. Ilikuwa mikanda ya ngozi ya bandia, ile ya viti, yenye matundu matano kama mkanda wa suruali. Kwenye tundu la katikati ngozi ilikuwa imekunjika na kuchakaa kwa kufungwa muda mrefu. Kwenye tundu la mwisho, la nchani kabisa, kulikuwa na kunjo jingine, jipya, jeupe. Ilikuwa hivyo kwenye mikanda yote sita.

"Mama, ulimfunga kwenye tundu lipi?"

Mama aliutazama mkanda. Kisha akachukua sinia, vikombe vyote viwili juu yake, chai haijaonjwa.

"Chai imepoa," alisema. "Nitawaletea nyingine."

Walingoja. Hakurudi.

*

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache ambaye hata polisi aliwaambia wanawe mikono kwanza.

"Alianza lini kuja, Sista?"

"Mwezi wa pili, mwishoni. Mwanzo alikuja na kofia tu, nguo zake za kawaida chini. Jumamosi iliyofuata akaja na bega moja. Kila wiki kipande kipya. Watoto wakawa wanabishana Jumamosi ijayo ataleta nini. Wengine walikataa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla hawajaona kifua."

"Alikuja kwa ajili ya nani?"

Muuguzi alimtazama Inspekta kwa jicho la kumpima. "Ya wote. Lakini mwisho lazima akae kitanda cha nne. Na kabla ya kuvaa kofia kwa mara ya kwanza, alikuja siku moja mchana, mtu wa kawaida, akasimama mlangoni, akaniuliza kama yule binti aliyegongwa atatembea tena. Nikamuuliza yeye ni nani wake. Akasema, 'Si mtu wake.' Akaondoka analia."

Binti wa kitanda cha nne alikuwa na miaka minane. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa vyuma, na mezani kwake palikuwa na picha alizochora, zote za bluu na manjano. Aligongwa na lori alfajiri akienda kuchota maji. Lori halikusimama.

Inspekta alikaa ukingoni mwa kitanda. Koplo alibaki amesimama, kwa kuwa muuguzi hakumruhusu kukaa.

"Jumamosi iliyopita Mjomba Radi alikuja?"

"Alikuja."

"Mliongea?"

"Hakuongea. Nilimuuliza siri yangu iko wapi, akanyamaza."

"Siri gani hiyo?"

Mtoto alichunguza kwanza kama wenzake hawasikii. "Aliniahidi. Alisema Jumamosi ijayo nitakuja kukuambia gari lilikuwa la nani. Alisema na nyinyi polisi atawaambia. Ila mimi kwanza."

Koplo aliacha kuandika.

"Na Jumamosi hakusema," Inspekta alirudia polepole.

"Hakusema. Alikaa hapo ulipokaa. Nikamshika mkono. Hakuwa na glavu, na Mjomba Radi havui glavu. Alikuwa anatetemeka hivi." Aliutikisa mkono wake mwembamba juu ya shuka. "Kisha akawa analia, nikasikia ndani ya kofia. Nikamwambia asilie, mguu hauumi tena sana."

Inspekta alitazama dirishani kidogo, maana hata askari ana moyo. Kisha alimshukuru mtoto na kumsifia picha zake. Moja aliiangalia mara mbili. Mtoto alikuwa amechora kifua cha vazi, na katikati yake taa ya rangi ya chungwa, pembe moja imekatika.

"Hapa umekosea kidogo," alisema. "Taa imepasuka."

"Sijakosea. Imepasuka kweli. Nilimuuliza kwa nini haweki nyingine, akasema hiyo ndiyo yake."

Kwenye korido Inspekta alitembea kwa kasi iliyomfanya Koplo akimbie. "Faili la ajali ya huyu mtoto liko kitengo cha barabarani. Nenda ukalichukue, na kila kilichookotwa barabarani siku ile. Nikute stoo."

"Afande, mwenye basi..."

"Mwenye basi alimtukana mtu aliyekuwa ameshakufa siku mbili. Nenda."

*

Kilichookotwa barabarani siku ile kilikuwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki, na hakikuzidi ukucha wa dole gumba. Kilikuwa kipande cha kioo cha indiketa, rangi ya chungwa.

Inspekta alikishika kwa kibano, akakisogeza kwenye kifua cha vazi, pale taa ilipokatika pembe. Kiliingia. Alikigeuza, akakijaribu tena, na bado kiliingia, mchirizi kwa mchirizi, bila nafasi ya kupitisha uzi.

"Ee Mungu," Koplo alisema. "Alikuwa anakwenda nacho pale. Kila Jumamosi."

"Mbele ya macho ya mtoto. Alishindwa kusema, akakivaa." Inspekta alirudisha kipande ndani ya bahasha. "Fundi wa viti hapati kioo cha lori barabarani. Mtu alimletea lori, usiku au alfajiri, akamwambia nibadilishie hiki, na usiulize. Na yeye akabadilisha, kwa kuwa hajawahi kumkatalia mtu huyo tangu azaliwe."

Nje ya nyumba kulikuwa na lori limeegeshwa, tupu, turubai limekunjwa. Inspekta alilizunguka mara moja. Indiketa ya kushoto ilikuwa imepauka kwa jua la miaka. Ya kulia ilikuwa mpya inayong'aa.

Mwenye lori alitoka chumbani kwake akiwa anafunga vishikizo vya shati. Alikuwa mwanamume mpana, mrefu, sura ileile ya marehemu iliyoongezwa nyama.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa, afande. Ni mipango ya Mungu. Mmemkamata mtu, nasikia."

"Tunaye mmoja. Wewe umerudi jana?"

"Jana jioni. Nilipigiwa simu niko njiani, nikashusha mzigo wa watu nikageuza. Niliondoka Jumamosi saa saba mchana. Karatasi za mizani ninazo, utingo wangu yupo, muulizeni."

"Tumemuuliza. Kuanzia saa saba huna doa."

Dereva alishusha mabega.

"Asubuhi yake je?"

"Nililala. Anayekwenda safari ndefu hulala."

"Haya. Nisaidie jambo moja kabla sijafunga faili. Nataka kuona kama mtu anaweza kulivaa lile vazi bila msaada. Koplo wangu, unamwona mwenyewe, Mungu alimpunja urefu."

Koplo aliyameza matusi hayo kizalendo.

"Halinitoshi," dereva alisema upesi. "Mdogo wangu alikuwa mwembamba."

"Tujaribu tu. Lisipokutosha, tumejua."

Kukataa kungekuwa na maana yake, na dereva hakuwa mjinga. Aliingia stoo. Alilikwepa lile ganda la darini bila kuliangalia, akasimama mbele ya vazi, akapumua, akanyoosha mkono.

Mkono ulikwenda kwenye kofia.

"Hapana," Inspekta alisema. "Anza na miguu. Wenye kazi huanza na miguu."

Alivaa miguu. Safari hii radi zilikaa nje, kwa kuwa aliziona. Alivaa mapaja, mikono, akajitumbukiza kwenye kifua. Glavu alizijaribu, vidole havikupita kwenye kifundo, akaziweka. Mwisho kofia. Feni ikavuma. Alisimama katikati ya stoo, mabamba ya mgongo yameachana, shati likionekana kati yake, mikono imelegea. Alijaribu kukifikia kifungo cha kwanza, hakukifikia.

"Basi, haiwezekani," ilisema sauti ndani. "Umeona. Nivueni."

"Ngoja kidogo. Koplo, mwombe mama atusaidie kufunga."

Sauti ndani ya kofia ikasema, "Mama mwacheni. Mama ana msiba."

Lakini mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa anajifuta mikono kwa khanga. Alilitazama vazi limesimama tena kwa miguu yake, likipumua, na midomo yake ikasema kitu kisichosikika. Inspekta hakumwambia chochote. Akampisha tu.

Dereva, pengine kwa mazoea ya siku moja, aligeuka akampa mama mgongo.

Mama alianza juu, begani. Inspekta alikuwa anaangalia vidole, si uso. Mwanamke huyu alikuwa amefunga mikanda hii Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila mara aliingiza pini kwenye tundu la katikati. Vidole vyake sasa havikupapasa wala kujaribu. Vilikwenda moja kwa moja nchani, tundu la mwisho. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Vinajua mwili uliomo ndani kama vilivyoujua ukiwa mchanga.

Kwenye cha nne mikono ilisimama. Alikuwa ameiweka bapa juu ya shati la mwanawe, pale mgongo ulipokuwa wazi.

"Inspekta," alisema, "lile uliloniuliza asubuhi, niulize sasa."

"Mama?" ilisema kofia.

"Niulize sasa, nikiwa huku nyuma. Nikimuona uso nitadanganya."

Inspekta alimpa Koplo ishara. Koplo akafungua daftari.

"Jumamosi asubuhi, mama, ulimfunga nani vifungo?"

"Huyu."

Dereva alitaka kugeuka. Vazi lilikuwa limefungwa nusu, likambana kifuani, naye mama hakuondoa mikono.

"Nilijua kwenye kifungo cha kwanza," mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia habari za sokoni. "Nikadhani mnacheza. Nikasema, mdogo ana kazi nyingi, siku hizi analala hukohuko gereji, kamtuma kaka yake asiwavunje watoto moyo. Nikafurahi. Nikasema, wanangu wanapendana. Alipokuja na kunigeuzia mgongo alikuwa anatetemeka, nikadhani ni aibu. Jumatatu wakaja wakaniambia mdogo kakutwa gereji, na kwamba Jumamosi asubuhi alikuwa hai, watu wote walimuona. Nikanyamaza. Nikasema, acha kaka yake arudi. Akirudi atawaambia, jamani, yule nilikuwa mimi. Jana akarudi. Akakaa na wazee, akapokea rambirambi, na kila aliyesema Jumamosi nilimuona marehemu, alimwitikia, ndiyo, ndiyo."

"Nilimsukuma tu," ilisema sauti. Feni iliikatakata ikasikika kwa vipande. "Alhamisi. Alisema atamwambia yule mtoto. Nikamsihi, nikampigia magoti, mimi kaka yake. Akasema haendi tena pale na uongo kifuani. Nikamsukuma. Nyuma yake kulikuwa na fremu ya kiti. Wallahi nilimsukuma tu."

"Na Jumamosi ukaenda kukaa kitandani kwa mtoto uliyemgonga," Inspekta alisema.

Mabega ya bluu ya vazi yalianza kupanda na kushuka. Koplo aliweka kalamu chini, akachukua pingu, akatazama ile mikono mikubwa isiyo na glavu, akamtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa: bado.

Mama alikuwa amelaza paji la uso wake kwenye mgongo wa mwanawe aliyebaki. Alipozungumza hakuzungumza tena na polisi.

"Jana usiku nilikupakulia chakula. Leo asubuhi nikakupakulia. Kila nikiweka sahani nasema, sasa ataniambia. Unakula, unanawa, unaniambia asante mama." Alimshika mabega kwa nguvu. "Ungeniambia wewe, mwanangu. Ungeniambia wewe mwenyewe, ningevaa viatu nikakusindikiza."